Kuzaliwa kwa Mtoto

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza jinsi mbegu inavyoota, jinsi kifaranga anavyokua ndani ya yai, na jinsi mbuzi na ng'ombe wanavyozaa. Binadamu naye ni mnyama anayezaa na kunyonyesha. Sasa tutajifunza jinsi mtoto wa binadamu anavyozaliwa, pamoja na mambo ambayo mama mjamzito na watu wa nyumbani mwake wapaswa kuyajua kabla siku hiyo haijafika.

Pengine utajiuliza, "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, mambo haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Uchungu wa kuzaa haungoji mchana, wala haungoji baba arudi safari. Mara nyingi mtoto wa rika lako ndiye anayeamshwa usiku ili akamwite mkunga au jirani mwenye chombo cha usafiri. Mara nyingi pia yeye ndiye anayesomeshwa kadi ya kliniki, kwa kuwa bibi hakumbuki miwani yake ameiweka wapi. Mjumbe anayeelewa ujumbe alioubeba hatasimama njiani kutazama mpira.

Mtoto akiwa tumboni

Mimba ya binadamu huchukua wiki 40 hivi, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama. Hata hivyo si watoto wengi wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Mtoto aliyezaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 amezaliwa kwa wakati wake. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 huitwa njiti, naye huhitaji joto na uangalizi zaidi.

Mtoto hukua ndani ya mji wa mimba, ambao wengine huuita mfuko wa uzazi. Mji wa mimba ni kiungo cha misuli. Kabla ya mimba huwa mdogo kama ngumi, na uzito wake ni gramu 70 hivi. Mimba inapokomaa misuli yake peke yake huwa na uzito wa kilo moja hivi, bila kumhesabu mtoto. Misuli hiyo haikuongezeka bure. Ina kazi kubwa inayoingoja.

Ndani ya mji wa mimba mtoto huelea katika maji yaliyomo ndani ya mfuko mwembamba. Wakunga huuita mfuko huo chupa. Maji hayo humkinga mtoto mama anapojikwaa au kugongwa. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa jaribio lifuatalo.

Jaribio. Chukua kopo kubwa lenye mfuniko usiovuja. Tia yai bichi ndani yake, jaza maji mpaka juu, kisha funika vizuri. Tikisa kopo polepole. Mwaga maji, ukaushe ndani, ulirudishe yai lilelile, kisha utikise tena kwa nguvu zilezile. Yai limekuwaje? (Omba ruhusa nyumbani kabla ya kulichukua yai, na bakuli liwe karibu. Yai lililopasuka bado ni chakula.)

Mtoto aliye tumboni hali kwa kinywa, wala havuti hewa kwa mapafu. Chakula na oksijeni humfikia kwa njia ya kondo la nyuma, kiungo bapa kilichoshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Kutoka katika kondo hutoka kamba laini iitwayo kiungamwana, yenye urefu wa sentimeta 50 hivi, hadi kitovuni kwa mtoto. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa mitatu. Mmoja humletea mtoto damu yenye chakula na oksijeni, na miwili huondoa damu yenye uchafu. Damu ya mama na damu ya mtoto hupita karibu karibu katika kondo, lakini kwa kawaida hazichanganyiki.

Kwa hiyo mama asipokula vema, mtoto naye hupungukiwa. Zamani mahali pengi mama mjamzito alikatazwa kula mayai, ati mtoto atazaliwa bila nywele. Sayansi haikuona ukweli wowote katika jambo hilo. Mayai, samaki, maharage, dagaa na mboga za majani ndivyo vyakula anavyovihitaji hasa.

Mimba ikifika mwisho, watoto wengi hugeuka wakawa vichwa chini. Katika kila watoto 100 ni watatu au wanne tu ambao hubaki wametanguliza matako. Mkunga huweza kutambua mtoto amelalaje kwa kupapasa tumbo la mama kwa mikono yake, na huusikiliza moyo wa mtoto kwa kifaa kidogo chenye umbo la tarumbeta. Moyo huo hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Shika kiganja chako chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo yako kwa dakika moja, kisha ulinganishe.

Maandalizi

Mama apaswa kwenda kliniki mara tu anapojua kuwa ni mjamzito. Huko hupimwa uzito, damu, mkojo na shinikizo la damu. Hupewa vidonge vya madini ya chuma ili damu yake isipungue, na chanjo ya kumkinga yeye na mtoto na pepopunda. Nyumbani hulala ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu malaria humaliza damu ya mama na kumdhoofisha mtoto.

Baadhi ya akina mama huambiwa kliniki kwamba wasizalie zahanati bali hospitali, mahali ambapo daktari aweza kufanya upasuaji. Hao ni kama mama mwenye mapacha, mama aliyekwisha kupasuliwa katika uzazi uliopita, au yule ambaye mtoto wake amelala kimkingamo. Msichana ambaye hajakomaa naye yumo hatarini, kwa maana mifupa ya nyonga yake haijamaliza kukua na njia ya mtoto ni nyembamba. Mtoto akikwama humo muda mrefu, huweza kufa, na msichana huweza kuumia vibaya hata akashindwa kuuzuia mkojo. Hii ni sababu moja kubwa kwa nini mwanafunzi wa kike hafai kuozwa.

Jambo la pili ni mpango wa familia nzima. Mama atazalia wapi? Nani atamsindikiza? Watasafiri kwa nini, na nauli imewekwa wapi? Nani atatoa damu ikihitajika? Nani atabaki na watoto? Maswali haya yakiulizwa mapema hujibiwa kwa dakika chache. Yakiulizwa usiku wa manane, mama akiwa tayari ameshikwa na uchungu, hula saa nzima, na saa hiyo ni ya thamani kubwa. Wakaao mbali sana na hospitali ni vema mama asogee karibu kwa jamaa au katika nyumba ya kungojea wajawazito, wiki chache kabla ya siku zake.

Nguo safi, khanga, sabuni na kadi ya kliniki viwekwe pamoja katika mfuko mmoja, mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani, wewe ukiwamo.

Uchungu unapoanza

Ipo ishara ya ute mzito wenye damu kidogo kumtoka mama. Ipo ishara ya chupa kupasuka na maji kutoka. Ishara iliyo kuu ni uchungu wenyewe, nao hautokani na ugonjwa. Ni misuli ya mji wa mimba inayojikaza, kisha inalegea, kisha inajikaza tena. Katika wiki za mwisho mama huweza kusikia maumivu ya hapa na pale yanayopotea akipumzika au akitembea. Uchungu wa kweli haupotei. Huja kwa vipindi, na vipindi hivyo huzidi kukaribiana na kuwa na nguvu, hata ukafika mara tatu au zaidi katika dakika kumi. Chupa ikipasuka, mama aende kituoni hata kama hajasikia uchungu, kwa sababu mlango uliokuwa umefungwa dhidi ya vijidudu sasa umefunguka.

Kazi ya kwanza ya uchungu ni kuufungua mlango wa mji wa mimba. Kwa muda wote wa mimba mlango huo umefungwa. Sasa hauna budi kupanuka hadi sentimeta 10 ili kichwa cha mtoto kipite. Ukitaka kuelewa unavyofunguka, vaa sweta yenye shingo ya kubana, polepole, huku umeipapasa shingo hiyo kwa vidole. Kichwa kinapoisukuma, shingo ya sweta kwanza huwa fupi na nyembamba, kisha hupanuka. Vivyo hivyo mlango wa mji wa mimba.

Kazi hii si ya haraka. Kwa mama anayezaa mara ya kwanza huweza kuchukua saa 12 au zaidi. Kwa aliyekwisha kuzaa, aghalabu huwa fupi. Wakati huo yafaa mama atembee kama aweza, anywe maji na uji, aende haja ndogo mara kwa mara, kwa kuwa kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na avute pumzi taratibu. Yafaa pia awe na mtu wake wa karibu wa kumsugua mgongo na kumtia moyo. Mama aliye na mwenzake hupata nafuu kuliko aliyeachwa peke yake. Hili si huruma tu, bali limechunguzwa na kuonekana.

Yako mambo mawili ambayo mama asiyafanye. La kwanza, asisukume kabla mlango haujafunguka wote, hata bibi na shangazi wakimhimiza, maana atachoka bure na huweza kujiumiza. La pili, asinywe dawa za miti shamba za kuongeza uchungu. Baadhi ya dawa hizo huyakaza misuli kwa nguvu isiyo na kipimo. Mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba wenyewe huweza kupasuka.

Mtoto anatoka

Mlango ukiisha kufunguka wote, mama husikia haja kubwa ya kusukuma, naye husukuma kila uchungu unapokuja. Sehemu hii huchukua dakika chache, au saa moja hadi tatu kwa mzazi wa kwanza. Mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijaungana, hivyo husogeleana na hata kupandana kidogo ili kichwa kipite. Ndiyo sababu mtoto mchanga huweza kuonekana na kichwa kirefu siku ya kwanza, na ndiyo sababu utosi wake ni laini na hupigapiga. Baada ya siku chache kichwa hurudi umbo lake.

Mara atokapo, mtoto hufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mapafu yake yaliyokuwa na maji sasa huvuta hewa, naye hulia. Mkunga humkausha kwa nguo safi na kumlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakafunikwa. Kama hapumui, mkunga humkausha, humsugua mgongo, na ikibidi humpulizia hewa kwa kifaa maalumu. Haya yote yapaswa kuanza katika dakika ya kwanza. Hebu fikiri sasa nyumba ambayo hamna mtu ajuaye kazi hiyo.

Baada ya dakika moja hadi tatu kiungamwana hufungwa na kukatwa kwa wembe mpya au mkasi uliochemshwa. Wala mama wala mtoto hasikii maumivu, kwa kuwa hamna mishipa ya fahamu humo.

Kondo la nyuma na damu

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akilia kazi imekwisha. Wapiga vigelegele huingia ndani, na mama husahauliwa. Lakini saa inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa kupita zote kwa mama, kwa hiyo soma sehemu hii polepole.

Mwisho wa mimba damu inayopita katika mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka ukutani huacha jeraha pana, na midomo ya mishipa yote hubaki wazi. Ni nini basi kinachoizuia damu yote isimwagike? Ni ileile misuli. Nyuzi zake zimeizunguka mishipa kila upande, nazo zikijikaza huifunga kama kamba zinavyoufunga mdomo wa gunia. Tumbo la mama likipapaswa wakati huo chini ya kitovu husikika kitu kigumu kama mpira. Kikiwa laini kama unga uliokandwa, misuli imelegea na mama anavuja damu.

Kinachoiamuru misuli ijikaze ni kemikali ya mwilini iitwayo oksitosini. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama huitoa kwa wingi. Kwa hiyo mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza. Yeye hupata maziwa ya mwanzo, ya rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, yenye kinga nyingi dhidi ya maradhi. Na mama husaidiwa kuacha kutokwa na damu. Muuguzi naye humchoma mama sindano ya oksitosini mara tu mtoto azaliwapo. Kondo lapaswa kutoka katika muda wa dakika 30. Mkunga hulitandaza na kulikagua, maana kipande kidogo kikibaki ndani huizuia misuli isijikaze. Kiungamwana hakivutwi ovyo.

Mama anayetokwa na damu nyingi bila msaada huweza kufa katika muda wa saa mbili. Sasa wajua kwa nini wauguzi husisitiza kuzalia kituoni. Si kwamba waliozaa nyumbani zamani hawakuwa na ujuzi. Bibi zetu walijua mengi. Lakini sindano, damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji havipatikani nyumbani. Katika nchi yetu, utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, 63 walizaliwa katika vituo vya huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Katika tafiti hizohizo vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilipungua kutoka 556 hadi 104 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Mikono safi

Mwaka 1846 hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika wodi ya kwanza, iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, walizaa akina mama 4,010, wakafa 459. Katika wodi ya pili, iliyohudumiwa na wakunga, walizaa 3,754, wakafa 105. Akina mama waliijua tofauti hiyo, na wengine walilia wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Madaktari walisema ni hewa mbaya. Lakini je, hewa ya wodi mbili za hospitali moja si ileile?

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, alilifikiri swali hilo sana. Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alichomwa kwa kisu na mwanafunzi alipokuwa akichunguza maiti, akaugua kwa dalili kama zile za wazazi, akafa. Hapo Semmelweis akatambua. Wanafunzi walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapokea watoto, huku mikono yao ina kitu kisichoonekana. Wakunga hawakupasua maiti. Aliagiza kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuingia wodini. Mwaka 1848, katika wodi ileile ya kwanza, walizaa akina mama 3,556, wakafa 45 tu.

Madaktari wengi wa wakati wake walichukizwa kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, wakampinga. Semmelweis alifariki mwaka 1865, watu wengi wakiwa bado hawajamwamini.

Usafi huohuo wahusu kitovu cha mtoto. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Kwa hiyo kitovu kisipakwe majivu, udongo wala samadi, bali kiwekwe safi na kikavu mpaka kidondoke chenyewe. Mtoto naye asiogeshwe siku ya kwanza, maana hupoteza joto upesi.

Ujumbe wa haraka

Zikionekana dalili zifuatazo, usingoje kuambiwa mara mbili. Mwite mtu mzima mara moja. Mama mjamzito akitokwa na damu, hata kidogo. Akiumwa sana na kichwa, akiona kiwingu machoni, au akivimba uso na mikono; hizo huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na akianza kutetemeka mwili wote, kimekwisha kufika. Akiwa na homa kali. Akisema kwamba mtoto hachezi tena tumboni. Ukitangulia kutoka mkono, mguu au kamba badala ya kichwa. Uchungu ukianza saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi mtoto hajazaliwa. Na baada ya kuzaa, khanga moja ikilowa damu na ya pili nayo ikalowa.

Nchini Tanzania upo mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi uitwao m-mama. Simu ya namba 115 hupigwa bila malipo, na mpiga simu hueleza mama yuko wapi na ana dalili gani. Eleza kwa maneno machache na yaliyo wazi: kijiji, alama ya njiani, kilichotokea, na kimeanza saa ngapi.

Zoezi

1. Mtoto aliye tumboni hupataje chakula na oksijeni?
2. Kwa nini mama anyonyeshe katika saa ya kwanza? Taja faida moja kwa mtoto na moja kwa mama.
3. Kwa tarakimu za Vienna, tafuta ni akina mama wangapi katika kila 100 waliokufa katika wodi ya kwanza mwaka 1846, na wangapi mwaka 1848.
4. Mwenzako anasema kwamba majivu hukausha kitovu upesi. Utamjibuje?
5. Pima kwa hatua au uliza: kutoka nyumbani kwenu hadi zahanati ni umbali gani? Hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji je? Ni nani jirani mwenye chombo cha usafiri, na nyumba yake ni ipi usiku?